Kocha, Saa na Usiku wa Beki wa Kushoto



Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike kitu kuhusu michezo, kwa kuwa ndiyo ninayosomea. Nadhani alitarajia niandike faida za mazoezi kwa Muislamu, jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoshindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na jinsi alivyowahimiza Maswahaba kujifunza kutupa mishale. Hayo mmeyasikia mara nyingi katika mihadhara ya mwanzo wa muhula, na wengi wenu mliyasikia mkiwa mmekaa kitako tangu asubuhi. Mimi nina jambo jingine, na wala si la kujisifia.

Likizo ndefu iliyopita nilifanya mafunzo kwa vitendo katika klabu moja ya mpira wa miguu mjini Kampala, klabu ya daraja la chini ambayo sitaitaja. Mfadhili alikuwa ameiletea klabu ile fulana kumi na nane zenye kifaa cha GPS, pamoja na saa za mkononi za kupima mapigo ya moyo na usingizi. Vitu vilikaa ndani ya maboksi miezi miwili kwa sababu hakuna aliyejua kuvitumia. Nilipofika, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Mbale, nikakabidhiwa kompyuta na ufunguo wa stoo, nikaambiwa mimi ndiye mtaalamu. Nakiri nililipenda neno hilo.

Kama hujawahi kuiona fulana ya aina hiyo, ni nyembamba, inabana kifua, na mgongoni katikati ya mabega ina mfuko mdogo. Ndani ya mfuko kuna kidude cha ukubwa wa kiberiti hivi. Kidude hicho kinapokea ishara za setilaiti mara kumi kwa sekunde, na kina kihisi kinachopima kila mshtuko na kila mgeuko wa mwili. Mazoezi yakiisha unakichomeka kwenye kompyuta, nayo inakupa mita alizokimbia mchezaji, mara ngapi alikwenda kasi, mara ngapi alisimama ghafla. Bodi inayotunga sheria za mpira duniani iliruhusu vifaa vya namna hii kuvaliwa katika mechi rasmi mwaka 2015. Saa ya mapigo ya moyo ina umri zaidi: kampuni ya Polar ya Finland ilitoa ya kwanza isiyo na waya mwaka 1982, kabla sisi wengi hatujazaliwa.

Basi katika timu ile kulikuwa na beki wa kushoto, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mpole, mwenye sauti nzuri. Alasiri ikiingia tukiwa uwanjani, yeye ndiye aliyekuwa akituadhinia. Wiki ya tatu namba zake zikaanza kushuka. Mbio zake za kasi zilipungua karibu nusu, mapigo ya moyo yake akiwa amepumzika yalipanda, na saa ikaonyesha kwamba analala masaa manne, siku nyingine matatu na nusu.

Kocha aliniita pembeni, akauliza huyu kijana ana nini. Nikamjibu: "Mwalimu, huyu halali. Nadhani usiku anazurura."

Lile "nadhani" lilikuwa langu. Kompyuta haikulisema. Kompyuta ilikuwa na namba tu, na namba ilikuwa haijui kama mtu amekesha kwenye muziki au kwenye kitanda cha mgonjwa. Lakini neno lilitoka katika kinywa cha mtaalamu, likabebwa. Kufika Ijumaa nilisikia wachezaji wawili wakisema yule beki ameonekana Kabalagala, na ye yote aliyewahi kufika Kampala anajua Kabalagala inatajwa kwa lipi. Aliachwa nje mechi mbili. Baada ya hapo akaambiwa asije tena, na posho yake ya nauli ikaishia hapo.

Ukweli niliupata kwa mzee anayetunza jezi, wiki moja baadaye, tukiwa tunaanika fulana. Mama wa kijana alikuwa amelazwa. Kijana alikuwa anashusha matoke sokoni, kwenye malori yanayofika usiku kutoka upande wa Mbarara, kuanzia saa nne hadi saa tisa za alfajiri, kisha anatembea kwenda nyumbani. Mzee alijua tangu siku ya kwanza. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia kocha. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto, akasema kijana hakumtuma.

Ndugu zangu, mnaijua aya ya kumi na mbili ya Suratul Hujurat. Imekataza mambo matatu kwa mpangilio: kwanza dhana mbaya, kisha kupelelezana, kisha kusengenyana. Nimeisoma tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kujiuliza kwa nini yamepangwa hivyo. Sasa nadhani nauona mpangilio wake, kwa sababu mimi niliupita katika alasiri moja. Tofauti ni kwamba kwangu upelelezi ulitangulia. Sikumdhania ubaya ndipo nikamchungulia. Nilimchungulia kwanza, kwa kuwa kifaa kilikuwa kimeshanifungulia dirisha, na nilipokiona nilichokiona sikuweza kuvumilia kutokuwa na maelezo, nikajaza pengo kwa dhana. Masengenyo yakajifuata yenyewe. Zamani mtu alihitaji kwanza chuki au wivu ndipo aende kutega sikio mlangoni kwa mwenzake. Leo unaweza kuwa huna neno na mtu kabisa, na usiku wake ukakufikia asubuhi ukiwa umepangwa kwa rangi.

Wako watakaosema, na mwenzangu wa chumba anayesomea kompyuta alisema, kwamba nimelikuza jambo. Kijana aliivaa saa kwa hiari yake. Kocha ana dhamana juu ya miili ya wachezaji, na mchezaji asiyelala huchanika msuli. Kumchezesha bila kujua kungekuwa dhuluma kubwa zaidi. Hoja hii ina nguvu na sitaki kuipunja. Kocha hakufanya kosa kutaka kujua kama mchezaji amechoka. Mtume (s.a.w.) alipopata habari kwamba Abdullah bin Amr (r.a.) anafunga kila siku na kusimama kila usiku, hakusema hayo ni mambo yake binafsi, alizungumza naye, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Lakini tazama njia yenyewe. Alizungumza naye Abdullah mwenyewe. Sisi, mimi na kocha, tulimzungumza kijana bila yeye kuwepo, na tulikuwa na namba yake ya simu.

Na kuhusu hiari: kijana alikubali tujue kama amechoka. Hakukubali tujue usiku wake anaupitisha vipi. Hivi ni vitu viwili, ingawa kifaa ni kimoja na kamba yake ni moja. Mtu akikuachia ufunguo wa nyumba umwagilie maua, hajakuruhusu kufungua kabati. Sheria ya hapa Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi imeweka habari za afya ya mtu katika fungu lake maalumu, lenye masharti makali kuliko anwani au namba ya simu. Sheria hiyo niliisoma baadaye. Ningeisoma kabla, sijui kama ingenizuia. Nilikuwa nafurahia kuitwa mtaalamu.

Kuna jambo jingine la aibu, hili la kitaaluma. Saa ya mkononi haipimi usingizi. Inapima mkono unavyotikisika na damu inavyopita chini ya ngozi, kwa kuangaza mwanga wa kijani na kusoma unaorudi, kisha inakisia. Usingizi wenyewe hupimwa maabara, kwa waya zinazobandikwa kichwani kusoma ubongo. Mtu aliyelala kimya macho wazi akimwazia mama yake, saa inaweza kumhesabu amelala. Hilo nilifundishwa darasani na nikapata alama nzuri katika mtihani wake. Uwanjani nililisahau. (Kifaa hicho hicho, niliovaa mimi, kilinitikisa mkono siku moja nikiwa katika tahiyatu ya mwisho, kikiniambia nimekaa muda mrefu, nisimame. Nilicheka nikiwa ndani ya swala, Allah anisamehe.)

Nilipojiuliza tulifikaje pale, niliona kwamba mambo yalianza mchana, uwanjani, mapema kabla ya habari ya usiku. Yalianza katika namna tulivyofundisha.

Kocha alikuwa na tableti iliyomwonyesha namba za wachezaji papo hapo. Kabla ya fulana kuja, wanaomfahamu waliniambia, alikuwa mtu wa maneno machache. Baada ya fulana hakunyamaza. "Namba tatu umeshuka! Namba saba ongeza! Namba nne, mguu wa kulia unauegemea!" Kila kosa lilikuwa na sauti yake. Wiki mbili za mwanzo timu ilipendeza kweli kweli mazoezini. Kisha ikaja mechi, kelele za watu zikameza sauti ya kocha, na nikaona kitu ambacho sitakisahau: mchezaji anatoa pasi, kisha kabla hajautazama mpira umefika wapi, anageuza shingo kulitazama benchi. Walikuwa wanaume wazima, na baadhi yao wamecheza mpira miaka kumi.

Somo hili lina historia yake. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Carolee Winstein na Richard Schmidt, waliwafundisha watu mwendo fulani wa mkono kwa kutumia kigingi. Kundi moja liliambiwa matokeo baada ya kila jaribio. Kundi la pili liliambiwa karibu nusu ya majaribio, mwanzo mara nyingi, kisha kidogo kidogo wakaachwa. Wakati wa mazoezi hukuona tofauti kubwa. Tofauti ilionekana baadaye, walipojaribiwa bila kuambiwa lo lote: walioambiwa nusu ndio waliobaki na ujuzi. Schmidt na wenzake walikuwa wameshatoa maelezo yake mwaka 1984. Mrejesho wa kila mara ni kama gongo. Unakubeba vizuri, na kwa kuwa unakubeba, mguu wako hauoti nguvu. Mwanafunzi anaacha kuusikiliza mwili wake mwenyewe, kwa nini ausikilize na jibu linakuja kutoka nje?

Kabla yao, mwaka 1979, John Shea na Robyn Morgan walionyesha jambo lililo jirani na hilo. Waliojifunza miendo mitatu kwa kumaliza mmoja kabla ya kwenda mwingine walifanya vizuri siku ya mazoezi. Waliochanganyiwa ovyo walihangaika. Siku kumi baadaye waliohangaika ndio waliokumbuka zaidi. Na Nikolai Bernstein, Mrusi aliyewapiga picha wafanyakazi wakigonga kwa nyundo huko Moscow miaka ya 1920, aliona kwamba fundi stadi hapigi pigo moja mara mia kwa namna ile ile. Bega, kiwiko na kifundo hubadilika kila pigo. Kichwa cha nyundo ndicho kinachofika pale pale. Fundi anatatua tatizo lile lile upya kila mara. Sasa mtu kama huyo, ukimpigia kelele kila kiwiko chake kinapotoka nje ya mstari uliochorwa na kompyuta, unamharibia kile kile kinachomfanya awe fundi.

Sina haja ya kwenda Moscow, hata hivyo. Mimi nimekulia Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani na chuo cha Qur'ani kipo karibu kila kona. Kusoma Qur'ani kwa tajwidi ni kazi ya mwili kama kupiga mpira: ulimi, koo, midomo, pumzi. Herufi dhadi haiingii kichwani kwa kuelezwa, ulimi lazima uitafute mahali pake. Nilikuwa na maalim wawili. Wa kwanza alikuwa na kijiti, na kila herufi ikikosewa kijiti kiligonga meza. Mbele yake tulisoma kama malaika. Nyumbani, mbele ya baba, hatukusoma kitu, tulikuwa tunasubiri mgongo wa kijiti. Wa pili alikuwa mzee mmoja aliyefumba macho. Ulisoma ukurasa mzima hasemi neno. Ukimaliza anauliza, "Umekosea wapi?" Ukipataja, anatikisa kichwa, unaendelea. Usipopajua, unarudia ukurasa, na yeye anafumba macho tena. Kulikuwa na hali moja tu ambayo alikukata papo hapo: kosa linalogeuza maana. Hapo hakungoja hata pumzi moja.

Chuo kikuu nilikuja kusoma kwamba wataalamu wamelijaribu hata hilo, kusahihisha kosa likivuka mpaka fulani tu na kuyaacha madogo yapite, na wakaona linasaidia mwendo utulie. Mzee wa Buyenzi hakuwa na maabara. Nadhani alikuwa anafuata njia ya zamani zaidi. Mnaikumbuka hadithi ya Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeingia msikitini akaswali harakaharaka. Mtume (s.a.w.) alimrudisha akaswali tena, kwa kuwa alikuwa hajaswali. Akarudi, akarudishwa. Mara tatu. Hakuambiwa kosa liko wapi mpaka aliposema mwenyewe kwamba hajui namna nzuri zaidi ya hiyo, afundishwe. Ndipo akafundishwa, rukuu, kusimama, sijda, na utulivu katika kila kituo.

Wanazuoni wameizungumza hadithi hii kwa upande wa fiqhi, nguzo za swala na kadhalika, na mimi si mtu wa kuingia huko. Ninachokiona kama mwanafunzi wa michezo ni ule ukimya wa mara tatu. Mtu alipewa nafasi ya kujitafuta. Kosa lake lilikuwa halijabadilika, lakini alipouliza alikuwa amebadilika yeye, alikuwa na njaa ya jibu. Na mwalimu alikuwa akimwona muda wote. Kunyamaza kwake hakukuwa kutojali, alikuwa anamtazama kuliko wengine wote msikitini.

Hapo ndipo mambo mawili haya, la uwanjani na la usiku, yaliponikutana kichwani. Kocha wetu hakuweza kuliona kosa bila kulisema. Mimi sikuweza kuuona usiku wa mtu bila kuusema. Ugonjwa ni ule ule. Kifaa kimetuondolea kazi ya kutafuta habari, ambayo ilikuwa inatuchosha na hivyo inatuzuia, lakini hakijatupa uwezo wa kukaa na habari kifuani. Mzee wa jezi alikuwa nao. Yeye alijua zaidi yangu, tena alijua kweli, na hakusema kwa sababu hakutumwa.

Mwenzangu wa chumba hakukubali. Alinitolea mfano wa Christian Eriksen, na ni mfano mzuri. Tarehe 12 Juni 2021, Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland, moyo wake ulisimama uwanjani mbele ya dunia nzima. Aliokolewa kwa kukandamizwa kifua na kwa mashine ya kuushtua moyo. Baadaye akawekewa kifaa kidogo mwilini kinachoulinda moyo, na kwa sababu ya kifaa hicho hakuruhusiwa kuendelea kucheza Italia, akaenda Uingereza na kucheza tena. "Je," akaniuliza, "hicho nacho kinyamaze?"

Nilifikiri siku mbili. Kisha nikamwambia kwamba kifaa kile kinanyamaza. Hiyo ndiyo kazi yake. Kinausikiliza moyo kila pigo, usiku na mchana, na hakifanyi lo lote mpaka moyo uvuke mpaka wa hatari. Hapo hakisubiri hata pumzi moja. Kinafanana na maalim wangu wa pili. Alicheka, akasema nimeponea chupuchupu. Labda. Hoja yake bado inanisumbua upande mmoja: nani anauweka huo mpaka? Kwa moyo, daktari. Kwa usomaji, maana ya aya. Kwa uchovu wa kijana wa mpira, sisi hatukuweka mpaka wo wote, tulimwaga namba zote mezani na kila mmoja akachota yake.

Sisemi vifaa vitupwe. Kutoka Mbale hadi Kapchorwa, alikotoka Joshua Cheptegei, si mbali. Siku zisizo na mawingu tunaitazama milima hiyo tukitoka darasani. Mwaka 2020 Cheptegei aliivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 pale Monaco, 12:35.36, na miezi miwili baadaye ile ya mita 10,000 pale Valencia, 26:11.00. Zote mbili zilikuwa za Kenenisa Bekele wa Ethiopia, moja ya mwaka 2004 na nyingine ya 2005. Usiku huo wote wawili ukingoni mwa njia ya kukimbilia kulikuwa na taa zinazokimbia kwa kasi iliyopangwa, na watu wakagombana: je, ni halali kushindana na taa wakati Bekele hakuwa nazo? Mimi naona wanaolalamika wanachanganya kujifunza na kutenda. Taa ilimwonyesha mwendo. Kuujua mwendo ule kwa mapafu na nyonga alikujua kwenye vilima vya nyumbani, miaka mingi, bila taa. Ningelalamika kama watoto wa Kapchorwa wangeanza kufundishwa kukimbia kwa taa tangu siku ya kwanza. Na taa, kwa wema wake wote, haijui Cheptegei alilala masaa mangapi.

Lakini mtandao unajua mengi. Mwezi Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu nchini Australia aliitazama ramani iliyotolewa na programu ya Strava, ramani ya njia ambazo watu wamekimbia duniani, akaonyesha kwamba kambi za kijeshi zilizofichwa zinaonekana wazi, kwa sababu askari walikuwa wanafanya mazoezi na saa zao mkononi. Hao ni majeshi yenye watu wa kulinda siri kwa mshahara. Beki wetu wa kushoto alikuwa na mimi.

Nilimtafuta. Mzee wa jezi alinielekeza sokoni, nikaenda saa tano usiku, nikamkuta amefunga gunia kichwani dhidi ya utomvu wa ndizi. Alinisalimu kama kawaida, akaniita ustadhi, jambo lililonichoma zaidi kuliko kama angenitukana. Nikamweleza kila kitu: kwamba neno la kuzurura lilikuwa langu, kwamba sikuwa na ushahidi, kwamba nimekwenda kwa kocha kulifuta na kocha amesikia lakini nafasi yake imeshachukuliwa. Tulisimama kando ya lori. Mama yake alikuwa ametoka hospitali, alhamdulillah. Alisema amenisamehe, na alilisema haraka, kama mtu anayetaka kurudi kazini, kwa kuwa kweli alitaka kurudi kazini. Analipwa kwa mkungu.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita.

"Ustadhi. Zile saa, bado zina usiku wangu ndani?"

Nikamwambia kwenye kompyuta ya klabu nimefuta, kwa mkono wangu. Akauliza kama ni huko tu. Nikamwambia hapana, habari zinakwenda kwanza kwa kampuni, kwenye kompyuta zao nchi za mbali, na huko sina ufunguo. Akatikisa kichwa taratibu, akainama, wenzake wawili wakamtwika mkungu begani.

Mwanzo wa muhula huu nimeomba kuwafundisha mpira vijana wetu wa mwaka wa kwanza, Jumanne na Alhamisi baada ya Alasiri. Hatuna fulana wala saa. Nina daftari, na juzi nilikaa dakika ishirini bila kusema neno huku mmoja wao akipiga krosi vibaya, kila mara akinitazama. Ya ishirini na kitu hivi aliacha kunitazama, akautazama mpira.